Ghali Kuliko Nini? Umeme wa Jua na Washindani Wake Vijijini Kenya, 1984–2021

Historia ya umeme wa jua aghalabu husimuliwa kama historia ya bei inayoporomoka. Masimulizi huanzia Marekani mwaka 1954, maabara ya Bell ilipoonyesha seli ya silikoni iliyogeuza takribani asilimia 6 ya nishati ya mwanga kuwa umeme. Hupitia setilaiti ya Vanguard 1 ya mwaka 1958, ambayo haikujali gharama, kisha sheria ya Ujerumani ya mwaka 2000 iliyowahakikishia wazalishaji bei maalumu, na kuishia katika viwanda vya China. Kila jumla ya paneli zilizotengenezwa duniani ilipoongezeka maradufu, bei ilishuka kwa asilimia 20 hivi. Katika masimulizi hayo Afrika hukaa ikingoja bei ishuke ndipo ifikiwe.

Hoja ya insha hii ni kwamba Kenya haikungoja. Umeme wa jua uliweza kushindana huko tangu miaka ya 1980, paneli zikiwa bado ghali mno, kwa kuwa mshindani wake hakuwa umeme wa gridi.

Mfano unaotajwa sana ni shule ya sekondari ya Karamugi, Meru. Mwaka 1984 Mark Hankins, Mmarekani aliyekuwa mwalimu shuleni hapo, alishirikiana na mhandisi Harold Burris kuweka taa za umeme wa jua. Shule isiyo na nyaya za umeme ilipaswa kupima paneli dhidi ya jenereta, pamoja na dizeli yake, usafiri wa dizeli hiyo na fundi wa kuitengeneza. Mafundi wakafunzwa, na kutoka shuleni biashara ikaenea kwa walimu na kwa wakulima wa chai na kahawa kandokando ya Mlima Kenya.

Ni hesabu gani waliyoifanya wanunuzi hawa? Kaya ya kijijini ilinunua mafuta ya taa kwa chupa, na betri kavu kwa ajili ya redio. Betri kavu kubwa ya kawaida hubeba wati-saa 10 hivi. Kwa hiyo ili kupata kilowati-saa moja zingehitajika betri mia moja. Hakuna kampuni ya umeme duniani iliyothubutu kutoza bei kama hiyo. Wenye televisheni ndogo za volti 12 walitumia betri ya gari, na ilipoisha nguvu ilibebwa kwa baiskeli au matatu hadi mjini, ikachajiwa kwa malipo, ikarudishwa. Wengi walianza na betri na televisheni, paneli ikafuata baadaye kama njia ya kuondokana na safari hizo. Ndiyo maana paneli ndogo za utando mwembamba wa silikoni, za wati 12 hivi, zilipata soko kubwa katika miaka ya 1990, ingawa baadhi hazikutoa nguvu iliyoandikwa na mnunuzi hakuwa na njia ya kuzibainisha dukani. Kufikia mwaka 2000 zaidi ya mitambo laki moja ya nyumbani ilikuwa imeuzwa, mingi kwa fedha taslimu bila ruzuku.

Fedha taslimu zilikuwa pia mpaka. Asiye na mshahara wala malipo ya kahawa aliendelea kununua mafuta ya taa kidogo kidogo, yaani aliendelea kulipa bei ya juu zaidi kwa mwanga hafifu zaidi. Mpaka huo ulilegezwa na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo midogo kwa shilingi 40 kwa siku. Kwa siku 365 hizo ni shilingi 14,600, mbali na malipo ya awali. Asiyelipa, mtambo ulizimwa kutoka mbali. Kwa maoni yangu, kilichowafikia watu hawa kwanza ni namna ya kulipa iliyofanana na ile ya mafuta ya taa, hata kama kushuka kwa bei za viwandani ndiko kulikowezesha biashara yenyewe.

Bei ya mshindani nayo ilibadilika, wakati mwingine kwa sababu zisizohusu jua kabisa. Mwaka 2018 serikali ilianzisha tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Mwaka uliofuata mtambo wa Garissa, wa takribani megawati 50, ulizinduliwa. Umeme wake huingia katika gridi ya taifa, na nyumba isiyo na nguzo karibu haiupati. Mwaka 2020 msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya umeme wa jua uliondolewa, ukarejeshwa mwaka 2021. Katika mwaka huo mmoja, aliyekuwa akihama kutoka mafuta ya taa alikuta tozo upande mmoja na kodi upande wa pili.