Kuacha bidhaa kwa ajili ya siasa: Kenya, London na Buganda zinatufundisha nini?

Wakati huu wa vita, si ajabu kumsikia mtu akiapa kwamba hatanunua tena bidhaa fulani, hata kama aliipenda sana, kwa sababu ya siasa ya wenye kuitengeneza. Kabla ya kumfuata au kumcheka, tuangalie majirani zetu walipofanya hivyo walifika wapi.

Tarehe 3 Novemba 2017, upinzani wa Kenya ulioongozwa na Raila Odinga uliomba wafuasi wake wasusie kampuni 3: simu za Safaricom, mafuta ya kupikia ya Bidco na maziwa ya Brookside. Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa raisi wa mwezi wa 8, na Raila alikataa kushiriki ule wa marudio. Upinzani ulisema kampuni hizo ziko upande wa serkali. Familia ya Raisi Uhuru Kenyatta ilikuwa na hisa katika Brookside.

Wakenya wengi hawaoni kama chai ni chai bila maziwa. Hata hivyo, kubadilisha pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko kuacha laini ya simu ambamo mtu anatunza pesa zake. Kisha, tarehe 9 Machi 2018, Raila na Uhuru wakapeana mikono hadharani, na wito ule ukapoa. Wakubwa walipatana, na mtu wa chini aliyekuwa amejinyima akarudia pakiti yake.

Lakini kususia kunaweza kuzaa matunda. Tarehe 26 Juni 1959, katika mkutano London, Julius Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU ng'ambo ya ziwa letu, alisimama pamoja na padri Trevor Huddleston kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini, kama matunda na sigara. Ombi lilitoka kwa Waafrika wenyewe waliokandamizwa kule, na lilijulikana wazi: ubaguzi wa rangi uishe. Haikuwa kazi ya siku moja. Benki ya Barclays, iliyosusiwa na wanafunzi wa Uingereza kwa miaka mingi, ilitoka Afrika Kusini mwaka wa 1986. Uchaguzi wa watu wote ulifika mwaka wa 1994. Kususia peke yake hakukuleta ushindi ule, lakini kulisaidia.

Mwaka ule ule wa 1959, huko Buganda, Augustine Kamya na chama chake, Uganda National Movement, waliita watu wasusie maduka ya wasio Waafrika. Malalamiko yalikuwepo kweli: biashara nyingi zilikuwa mikononi mwa Wahindi, na Waganda hawakutaka wageni watengewe viti katika baraza la kutunga sheria. Lakini waliosusiwa hawakuwa watu wa siasa fulani. Walikuwa watu wa asili fulani. Vitisho vikaanza, mali ikachomwa, na hata Mwafrika aliyeonekana dukani mwa Mhindi aliweza kukatiwa migomba na kahawa yake. Wahindi wengi wakahama vijiji. Serkali ya Waingereza ikapiga chama marufuku.

Sisi wa Tanganyika tunaijua njia hiyo. Tangu mwaka wa 2013 tumeona Watwa na Waluba wakichomeana vijiji, na wengi wenu mnaosoma hapa mlikimbia moto huo. Mama anayepanga sabuni juu ya meza sokoni si mwenye kiwanda. Kijana anayesema luga moja na mwenye kiwanda hakukaa katika kikao chake. Ukiacha sabuni, acha sabuni. Mama na kijana wabaki jirani zako.

Pia, kususia ni kwa yule mwenye kuwa na bidhaa mbili mbele yake. Familia iliyo kambini inapika na mafuta iliyopewa. Asitokee mtu wa kuiita msaliti kwa sababu ya jina lililoandikwa juu ya bidoni.

Basi, ukiitwa kuacha kitu unachokipenda, uliza: mwenye kiwanda alifanya nini hasa? Nani anayetuita? Tunadai nini, na tutarudia kununua siku gani? Anayekuita akishindwa kujibu, endelea na soko lako.