Chambo kilichootea shambani

Mwindaji mzoefu wa nguruwe pori hamfuati mnyama huyu porini. Humwita. Macho ya nguruwe ni hafifu, lakini pua yake huchimbua harufu iliyofukiwa ardhini, na usiku ndio saa yake ya kula. Basi chambo chake ni harufu: mahindi yaliyolowekwa hadi yakachacha, machicha ya pombe, au muhogo mtamu. Chambo hicho humwagwa mahali pamoja usiku baada ya usiku, bila mtego wala silaha, hadi kundi lizoee na kuacha wasiwasi. Hapo ndipo mwindaji huja kuotea, upepo ukitoka kwa nguruwe kuja kwake. Upepo ukigeuka, kundi zima hutoweka na kazi huanza upya.

Kwenye kingo za mto Luapula, mpakani mwa Zambia na Kongo, hadi unapomwagika katika Ziwa Mweru karibu na kisiwa cha Chisenga wilayani Nchelenge, chambo kikubwa kuliko vyote hakikuwekwa na mwindaji. Kilipandwa na mkulima.

Muhogo ulitoka Amerika, ukaletwa na Wareno kwenye pwani ya Atlantiki, kisha ukapenya bara mkono kwa mkono. Walunda waliotoka magharibi na kujenga dola ya Mwata Kazembe katika bonde la Luapula karne ya 18 ndio walioueneza humo. David Livingstone alipofika kwa Kazembe Novemba 1867, aliukuta ukiwa chakula cha kila siku. Ulikuwa mapinduzi, na ulikuja na gharama yake. Ulezi huvunwa mara moja, ukaingia ghalani na shamba likabaki tupu. Muhogo hukaa ardhini mwaka, hata miaka miwili, ukingoja mwenyewe aje kuuchimba. Ghala lake ni udongo wenyewe, na hakuna mnyama anayefungua udongo kama nguruwe. Kundi moja likiingia usiku, asubuhi matuta yamefumuliwa, na kilichotafunwa ni kidogo kuliko kilichoharibiwa. Maji nayo si ukuta: nguruwe pori ni mwogeleaji hodari.

Dawa yake ya kale katika nchi nyingi za ukanda wetu ilikuwa watu. Marima yalichimbwa kwenye njia za nguruwe na kufunikwa vijiti na majani. Nyavu nene zilitandazwa, mbwa na wasukumaji wakalifukuza kundi hadi kwenye mikuki. Baadaye likaja gobori. Na kila msimu mtu alilala dunguni, akipiga debe na kuchochea moto. Rima haliwezi kuchimbwa na mtu mmoja mwenye mtoto mgongoni, wala wavu haukamatwi na wazee wawili. Hapa ndipo historia ya nguruwe inapogeuka kuwa historia ya wanaume.

Mwaka 1899 Waingereza walishambulia na kuchoma mji wa Mwata Kazembe. Kodi ya kibanda ikafuata, ikidaiwa kwa fedha taslimu. Ng'ambo ya Luapula, kampuni ya Union Minière iliyoundwa mwaka 1906 ilihitaji mikono katika migodi ya Katanga, na wanaume wa bonde wakaenda. Baadaye wengine wakaelekea migodi ya Copperbelt. Katikati ya hayo serikali ikahamisha vijiji kutoka kingo za mto na ziwa kwa hofu ya malale. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyeishi bondeni mwishoni mwa miaka ya 1940, aliandika juu ya jamii iliyosimama juu ya samaki, muhogo na fedha za migodini.

Kisa cha nguruwe na wanaume kuondoka kilichoelezwa vizuri zaidi kiko kwetu Tanzania, huko Uzaramo. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1997, alionyesha kwamba nguruwe pori ni sehemu ya habari ya Vita vya Majimaji. Wanaume walichukuliwa na kazi za wakoloni au wakaikimbia kodi, sheria za Wajerumani zikabana uwindaji wa pamoja, na kuanzia mwaka 1902 mashamba ya pamba ya lazima yakala siku za watu. Waliobaki na nguruwe usiku ni wanawake. Njaa ikaingia nyumbani kabla vita havijaanza mwaka 1905. Vitabu vyetu vya shule vinataja pamba, kodi na maji ya Kinjikitile. Vinamsahau mwanamke aliyekesha akilinda shamba peke yake, na kwangu hilo ni kosa kubwa. Nguruwe hakuwa bahati mbaya ya hali ya hewa. Alizidi kwa sababu aliyemzuia aliondolewa.

Wanawake walikuwa na silaha nyingine, nayo haihitaji gobori wala sheria mpya. Katika sehemu nyingi za Zambia na Malawi wakulima hupendelea muhogo mchungu, wenye sumu ya sayanidi nyingi kuliko mtamu, na miongoni mwa sababu wanazotoa ni kwamba wanyama na wezi hawaufurahii. Shamba lililokuwa chambo huacha kuita. Lakini muhogo huo hauliwi hivihivi: humenywa, huvundikwa majini siku kadhaa hadi ulainike, huanikwa juani, ndipo hutwangwa kuwa unga. Saa ambazo zamani mwanamume alizitoa kwenye wavu na rima, sasa mwanamke huzitoa kwenye maji na kinu.