Dalali wa vitabu hatangulii kula

Mie mzima, mafua tu ya hapa na pale. Kimya changu kimekuwa kirefu, nisameheni. Zamu za usiku zinamaliza mtu.

Leo nina habari ambayo kwa kweli inawahusu watu wawili tu hapo nyumbani, lakini wenyewe wameniruhusu niiandike hadharani ili na wengine wafaidike.

Miezi miwili iliyopita mpwa wangu wa Tanga alinipigia simu. Kijana amemaliza riwaya yake ya Kiingereza, kurasa mia tatu na ushee, miaka minne anaiandika kwenye kompyuta za watu. Alikuwa na furaha mpaka maneno yanagongana. "Mjomba, nimepata wakala London!" Nikamwuliza, wakala gani tena? Akanitumia barua. Barua nzuri, Kiingereza kimenyooka, anuani ya katikati ya jiji. Inasema kazi yake ni ya kiwango cha dunia. Halafu chini kabisa, karibu na sahihi: atume pauni 450, ada ya kusomewa muswada kabla haujapelekwa kwa wachapishaji.

Pauni 450 ni zaidi ya milioni moja za kwetu. Dada yangu, mama yake kijana, alikuwa ameshapata mnunuzi wa cherehani yake. Ile cherehani mnaijua. Nusu ya ukoo wetu imesomeshwa na ile cherehani.

Nikasema subirini kwanza, asiuze mtu kitu. Siku yangu ya mapumziko nikapanda basi hadi kwenye ile anuani. Nikakuta duka dogo linalokodisha visanduku vya barua. Nikamwuliza kijana wa kaunta, akanijibu kwa adabu kwamba hawezi kusema kisanduku kipi ni cha nani. Basi, nikamshukuru nikatoka.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshafika mjini, nikatembea kwa miguu mpaka mtaa wa Strand, karibu na kituo cha treni cha Temple. Nilikuwa na sababu. Kazi hii ya uwakala wa waandishi ilikulia hapo, na nilitaka kumweleza mpwa wangu historia yake badala ya kumwambia tu "umetapeliwa". Kijana ukimwambia ametapeliwa hakusikii. Ukimpa kisa atasikiliza.

Haya, tuanze kabla hawajakuwepo mawakala.

Zamani hapa Uingereza mwandishi alikwenda mwenyewe kwa mchapishaji, na mara nyingi aliuza hakimiliki yote kwa mkupuo, kama mtu anayeuza shamba. John Milton aliuza utenzi wake mkubwa, Paradise Lost, mwaka 1667 kwa pauni 5 mkononi, na pauni 5 nyingine baada ya nakala 1,300 za kwanza kwisha. Mwaka 1680, yeye akiwa ameshafariki, mjane wake akamaliza haki zilizobaki kwa pauni 8. Jumla pauni 18!

Jane Austen naye, miaka zaidi ya mia baadaye. Mwaka 1803 riwaya yake moja iliuzwa kwa mchapishaji kwa pauni 10. Yule bwana akaifungia kabatini, hakuitoa. Mwaka 1816 kaka yake Jane, aitwaye Henry, ndiye aliyekwenda kuinunua tena kwa pauni zile zile 10. Ikaja kutoka kama Northanger Abbey mwishoni mwa 1817, mwenyewe akiwa kaburini tangu Julai. Pride and Prejudice aliiuza moja kwa moja kwa pauni 110. Ikachapwa tena na tena, yeye hakuongezewa hata senti.

Mnaona basi? Aliyekuwa anahangaika na biashara ya Jane ni kaka mtu. Kwa Charles Dickens alikuwa rafiki yake John Forster. Kazi ilifanywa na ndugu na jamaa, bure, kama mie ninavyotumwa kufuatilia vitu vyenu huku (nacheka tu, endeleeni kunituma).

Mambo yakabadilika baadaye kidogo. Sheria ya elimu ya 1870 ilizidisha shule za watoto wa makabwela, wasomaji wakaongezeka, magazeti yakawa yanatoa hadithi kila wiki. Mwaka 1891 Marekani nayo ikapitisha sheria ya kulinda hakimiliki za waandishi wa nje. Kabla ya hapo walikuwa wanajichapia tu. Sasa hadithi moja ikawa na vipande vingi vya kuuza: haki ya gazeti, haki ya kitabu, haki ya makoloni, haki ya Marekani, haki ya tafsiri. Mwandishi gani angeweza kukaa mezani kuandika na huku anafukuzana na yote hayo?

Hapo ndipo akatokea Mskochi mmoja, Alexander Pollock Watt. Mzaliwa wa Glasgow, amewahi kuuza vitabu, akafanya kazi kwa shemeji yake mchapishaji hapa London, akawa wakala wa matangazo. Miaka ya 1870 rafiki yake, mwandishi George MacDonald, akamwomba amsaidie kuuza hadithi zake. Alipoona kumbe ni kazi, akaifanya ajira. Akaishia na ofisi hapo Strand, mtaa wa Norfolk, mtaa ambao siku hizi hata haupo, ulibomolewa. Wateja wake walikuwa Wilkie Collins, Rudyard Kipling, Arthur Conan Doyle yule wa Sherlock Holmes, na wengine.

Lakini alilobuni Watt, na ndilo lililonifanya niandike leo, ni namna ya kulipwa. Alichukua asilimia 10 ya fedha alizomtafutia mwandishi. Mwandishi akipata pauni 100, Watt anapata 10. Asipopata kitu, Watt naye analala njaa. Ndiyo siri yote ya kazi hii. Dalali na mwenye mali wanakula sahani moja, na dalali hatangulii kunawa.

Sisemi alikuwa malaika. Wakati mwingine aliwafanyia kazi wachapishaji pia, mguu huku mguu kule. Na alikusanya barua za wateja waliomsifu akazichapa kitabu, kama mabango ya waganga wetu pale stendi. Lakini ada ya kusoma haikuwa chakula chake.

Wachapishaji hawakumpenda. Mwaka 1893 William Heinemann, mwenye kampuni iliyobeba jina lake, alilalamika hadharani akawaita mawakala kupe. Inaeleweka. Aliyezoea kununua shamba kwa pauni 10 hawezi kufurahi akiletewa mtu anayejua bei ya mashamba. Likumbukeni jina la Heinemann, litarudi.

Mwaka 1896 akaja wakala mwingine, James Brand Pinker, akafungua ofisi mtaa wa Arundel, jirani kabisa na Norfolk. Arundel bado upo, nimesimama hapo na chai yangu ya kikombe cha karatasi. Pinker alipenda waandishi ambao bado hawajatoka. Mmoja wao alikuwa mhamiaji kama mie: Joseph Conrad, Mpolandi, baharia, Kiingereza kwake lugha ya tatu. Alikuwa anaandika polepole, anaumwaumwa, ana familia, madeni shingoni. Pinker akawa anampa fedha mwezi hadi mwezi kwa vitabu ambavyo havijaandikwa bado, na bili zake nyingine analipa. Kufikia mwisho wa 1909 Conrad alikuwa anadaiwa na wakala wake zaidi ya pauni 2,000, fedha nyingi sana enzi hizo.

Januari 1910 wakagombana vibaya kwa sababu ya riwaya iliyochelewa, na Conrad akaugua miezi kadhaa. Lakini Pinker hakumtupa. Mwaka 1914 kitabu cha Chance kilipotoka kama kitabu kikauzika kweli kweli, na mzee akaanza kupumua.

Mpwa wangu, hapo tazama fedha ilikuwa inatoka wapi na kwenda wapi. Ilikuwa inatoka kwa wakala kuja kwa mwandishi. Miaka zaidi ya kumi!

Conrad huyo ndiye aliyeandika juu ya Congo kwa namna ambayo Chinua Achebe alikuja kuipiga vikali katika mhadhara wake wa 1975. Na Achebe mwenyewe ana kisa kinachofanana na chako zaidi.

Mwaka 1957 Achebe alikuwa kijana wa redio kule Lagos. Aliona gazetini tangazo la kampuni ya London inayopiga chapa miswada. Akawatumia nakala yake ya pekee, ya mkono, kwa posta. Wakamwambia ada, akalipa. Baada ya hapo kimya. Mwezi ukapita, na mwingine, na mwingine. Bahati yake mkubwa wake wa kazi, mama mmoja wa Kiingereza, Angela Beattie, alikuwa anakwenda likizo London. Akaenda mwenyewe kwenye ile ofisi, akaukuta muswada umetupwa kona, akawafokea. Ndipo ukapigwa chapa. Achebe alikuja kusema kwamba ungepotea, pengine angekata tamaa kabisa ya kuandika.

Baada ya hapo ndipo muswada ukafika kwa wakala wa kweli, ambaye mwandishi na mtangazaji Gilbert Phelps alikuwa amempendekeza. Wakala akauzungusha kwa wachapishaji. Wengine wakaurudisha wakidai hadithi za Mwafrika haziuziki. Mwishowe ukachukuliwa na kampuni gani? Heinemann! Ile ile ya bwana wa kupe. Juni 1958, nakala 2,000 za kwanza. Ndicho kitabu ambacho wengi wenu mlikisoma shuleni kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili kikiitwa Shujaa Okonkwo. Leo nakala zake zinahesabiwa kwa mamilioni.

Sasa niseme yanayofaa leo. Nimeuliza watu wa kazi hiyo na nimesoma masharti yao.

Wakala wa hapa Uingereza siku hizi kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya mauzo ya ndani na 20 ya mauzo ya nje na tafsiri. Wana chama chao tangu 1974, na wanachama hawaruhusiwi kutoza ada ya kusoma. Kwa riwaya, malizia kitabu kwanza, ndipo umtafute. Kila wakala huandika anataka atumiwe nini. Mara nyingi ni barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa kisa chote pamoja na mwisho wake, na sura tatu za mwanzo. Fuata anachosema, usimtumie kitabu kizima ili kumwonyesha bidii. Tazama anawakilisha vitabu gani. Anayeuza vitabu vya mapishi hatakusaidia na riwaya. Majibu huchukua wiki nyingi, mengine hayaji kabisa.

Na kama umeandika Kiswahili, London usiitazame kwanza. Kwetu mwandishi bado anakwenda mwenyewe kwa mchapishaji, kama Jane Austen, kwa hiyo soma mkataba, uliza mrabaha ni asilimia ngapi, usiuze shamba zima. Yapo pia mashindano, kama Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili na Tuzo ya Mwalimu Nyerere. Mengi ya haya hayamtaki mtu awe na wakala.

Nyie wa Dar mnawajua madalali wa vyumba. Yupo anayechukua kodi ya mwezi mmoja baada ya wewe kupata chumba. Inauma, lakini chumba umepata. Na yupo anayetaka hela ya kuonyeshwa, anakutembeza juani kutwa, vyumba vyote "vimechukuliwa asubuhi hii". Riziki yake inatoka kwenye kutembeza. Hata upate chumba au usipate, kwake ni mamoja. Wa pauni 450 ni huyo wa pili.

Nami sisemi haya kwa kujidai mjanja. Nilipofika huku niliwahi kulipa pauni 120 ili mashairi yangu "yateuliwe" kwenye kitabu. Kitabu kilikuja, kizito, kurasa mia saba, kila aliyelipa yumo. Sikuwahi kumwambia mtu mpaka nilipompigia mpwa wangu usiku ule nikamsimulia. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hiyo mjomba, riwaya yangu siyo ya kiwango cha dunia?" Nikamwambia, sijui, na aliyekuandikia vile hajui pia, kwa sababu hajaisoma. Sura zako tatu nimezisoma mimi. Ile ya bibi na mashua sijaisahau. Itafutie mtu atakayeisoma kwa njaa yake mwenyewe.

Amepeleka kwa mawakala sita. Wawili wamekataa kwa heshima, mmoja ameomba sura zilizobaki, watatu kimya. Hajalipa hata shilingi. Na cherehani bado ipo barazani. Dada anasema imeshashona sare za shule za Januari.

Basi nisiwachoshe. Wasalimieni wote, na mwenye muswada kabatini asiogope kuniandikia. Nitausoma bure, ila nivumilieni na zamu za usiku.

Wasalaam.