John Shippen na Shimo la 13

Tangu niache chuo, swali ambalo nimeulizwa mara nyingi zaidi ni "sasa utakuwa unafanya nini?" Mjomba wangu aliniuliza matangani, mbele ya watu, sahani ya pilau mkononi. Nikamwambia naandika. Akanyamaza kidogo kisha akaongeza kachumbari.

Kwa hivyo nilipokutana na kisa cha John Shippen, sikukisoma kama kisa cha gofu. Gofu yenyewe sijawahi kucheza. Nimeiona tu kupitia ua wa seng'enge, nyasi zao zikiwa kijani hata ule mwezi ambao mifereji ya mtaa wetu inatoa hewa tupu. Kilichonishika ni kwamba kijana alitoka familia ya kusoma, akaachana na masomo, akafuata fimbo na mpira. Miaka ya 1890, tena. Marekani, akiwa mweusi.

Shippen alizaliwa Washington mwaka 1879. Baba yake alikuwa mchungaji wa Presbyterian, na kanisa lilimtuma akahudumie Washinnecock, jamii ya wenyeji asilia wa Long Island, karibu na New York. Familia ikahamia huko John akiwa bado mdogo. Kwao shule haikuwa mjadala. Ndugu yake Cyrus alifika hadi Yale, akawa mwalimu.

Lakini mwaka 1891 matajiri wa New York walikuja pale jirani wakatengeneza uwanja wa gofu, Shinnecock Hills. Wanaume wa Kishinnecock ndio walioajiriwa kufyeka na kuchimba, na kuna sehemu ambapo vilima vya makaburi ya mababu zao viligeuzwa kuwa vizuizi vya mchezo. Hebu fikiria unalipwa kibarua kusawazisha kaburi la babu yako ili msee mwenye kofia apate changamoto ya kupiga mpira. Historia ya gofu huwa inapita hapo haraka sana.

Vijana wa pale walipata kazi ya kedi, kubebea wanachama mfuko wa fimbo. Mskoti mmoja, Willie Dunn, ndiye aliyekuwa mwalimu wa klabu, naye akaona kuna kitu kwa huyu mtoto wa mchungaji. Akamfunza. Ukweli ni kwamba kedi husoma mchezo bure: kila siku anatembea mashimo yote, anajua upepo unageukia wapi, anaona makosa ya mdosi kabla mdosi mwenyewe hajayaona. Muda si muda Shippen akawa anafundisha wanachama na kutengeneza fimbo zao. Leo anahesabiwa kuwa mwanagofu wa kulipwa wa kwanza aliyezaliwa Marekani, kwa sababu wengine wote wakati huo walikuwa wametoka Uingereza na Uskoti.

Julai 1896 mashindano ya U.S. Open yakafanyika hapo hapo Shinnecock Hills. Hii ilikuwa mara ya pili tu kuandaliwa. Shippen alikuwa na miaka 16. Alijiandikisha pamoja na rafiki yake Oscar Bunn, Mshinnecock, na wale wataalamu wa ng'ambo wakachachamaa: hawa wawili wakicheza, sisi hatuchezi.

Aliyekuwa rais wa chama cha gofu ni Theodore Havemeyer, tajiri wa sukari. Msimamo wake ulikuwa kwamba mashindano yataendelea hata kama watakaobaki ni Shippen na Bunn peke yao. Wale jamaa wakarudi kuchukua fimbo zao. Simulizi nyingine zinaongeza kwamba Havemeyer aliwatuliza kwa kusema Shippen ni nusu Mshinnecock, yaani si mweusi kamili. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyoandikwa, hadi binti yake alipojitokeza kusema wazi kwamba wazazi wote wawili wa baba yake walikuwa weusi. Mke wa Shippen ndiye alikuwa Mshinnecock. Ona vile mtu anaweza kufungua mlango kisha akaondoka na jina lako.

Siku ya mchezo walicheza mashimo 36. Shippen alipangwa na Charles Macdonald, mtu mzito, bingwa wa ridhaa wa mwaka uliotangulia. Raundi ya kwanza Shippen akapiga 78, Macdonald 83. Macdonald akajiondoa, akabaki akimwandikia kijana alama zake raundi ya pili. Hiyo picha naipenda, sitaficha.

Halafu likaja shimo la 13. Kwa maelezo yake mwenyewe halikuwa shimo gumu, la mikwaju minne hivi. Mpira ukaenda kulia kupita kiasi, ukatua kwenye barabara ya mchanga. Akapiga, haukutoka. Akapiga tena. Alipomaliza lile shimo alikuwa ametumia mikwaju 11.

Nilikaa chini nikapiga hesabu. Mshindi, James Foulis, alimaliza na 152. Shippen alimaliza na 159. Tofauti ni 7. Ukitoa 4 kwa 11 unapata 7 ile ile. Angeipiga minne pale, wangekuwa sare. Badala yake alienda nyumbani na dola 10.

Kijana wa miaka 16 angeweza kusema basi, mwaka kesho. Alirudi kweli, mara kadhaa. Mwaka 1902 alikuwa tena ndani ya kumi bora, na alicheza hadi 1913. Kati ya hapo alikuwa akihama klabu hadi klabu kama mwalimu: Maidstone, Aronimink, na kwingine. Klabu za weupe, akiwafunza weupe. Kisha milango ikaanza kujifunga. Chama cha wanagofu wa kulipwa, PGA, kilianzishwa 1916, na baadaye kikaweka kwenye katiba yake kwamba wanachama ni watu weupe tu. Kifungu hicho kiliondolewa 1961. Shippen alikuwa na miaka 81.

Alipata makao kwingine. Shady Rest, kule Scotch Plains, New Jersey, ilikuwa klabu iliyoanzishwa na kuendeshwa na Wamarekani weusi wenyewe tangu 1921. Duke Ellington alipita hapo kupiga muziki. Shippen aliingia mwanzoni mwa miaka ya 1930, akafundisha, akatunza nyasi, akaishi humo humo klabuni kwa zaidi ya miaka thelathini. Alifariki 1968. PGA ilimpa uanachama mwaka 2009.

Uzeeni alikiri kwamba kuna nyakati alijiuliza kama alikosea kuacha masomo. Lakini, alisema, akichungulia dirishani na kuuona uwanja, akikumbuka raha aliyopata kwenye huo mchezo, swali linaisha. Maneno hayo hupenda kunukuliwa kama mwisho mtamu. Mimi nayasoma tofauti kidogo. Mtu ambaye swali lake limeisha kabisa hana haja ya kwenda dirishani. Nadhani alikuwa akienda mara nyingi, na mara nyingi uwanja ulimtosha. Siku nyingine, nadhani, alifikiria Yale, ama ile barabara ya mchanga.