MV Bukoba na barua ya Mjomba

Leo naomba tuweke siasa pembeni. Niko nyumbani Pasiansi, nimekaa barazani na mjomba wangu, na nataka tuzungumzie MV Bukoba.

Habari yenyewe wengi mnaijua. Meli ile ilianza kazi mwaka 1979. Mei 20, 1996 iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya Mei 21 ikapinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Rais Mkapa alitangaza siku 3 za maombolezo. Marehemu wengi walizikwa Igoma, na kila Mei 21 ndugu zao huwakumbuka pale.

Kinachozungumzwa kidogo ni waliobaki. Mama yangu mdogo alikuwa Bukoba. Mjomba, ambaye ni kaka yake, alimwandikia barua kwamba kazi imepatikana, asichelewe. Akapanda meli ile. Hakufika.

Tangu siku hiyo mjomba alijiona muuaji. Hakusema, maana kwetu mwanaume halii mbele za watu. Lakini kila Mei hakuwa analala, chakula hakipiti, na ziwani hashuki. Watu walimfariji kwamba kifo cha wengi harusi. Yeye hakuiona harusi yoyote. Na nani angemshauri akamwone mtaalamu? Ukitaja akili tu, watu wanawaza Mirembe, Dodoma!

Miaka mingi baadaye, nikiandaa makala, nilimsomea niliyokusanya. Meli ilikuwa na uwezo wa abiria 430, ikapakia kupita kiasi. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, ndiyo maana hadi leo idadi kamili ya waliokufa haijulikani, ingawa wengi hutaja zaidi ya 800. Ilipopinduka ilielea kwa muda, ndani kukiwa na watu hai. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe, hewa ikatoka, meli ikazama.

Mjomba alisikiliza kimya. Kisha akaniuliza, "Sasa mjomba, barua yangu imeandikwa wapi humo?"

Nikamjibu, "Haimo."

Akainama, akalia. Sikuwahi kumwona akilia.

Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Marekani, Kristin Neff, aliandika kuhusu kujihurumia. Alitaja mambo 3: ujisemeshe kwa upole kama unavyomsemesha rafiki aliyeumia, ukumbuke kuwa kukosea na kuumia ni kwa binadamu wote, na uyatazame maumivu yako bila kuyaficha wala kuyakuza. Mjomba hamjui Neff. Lakini nilimuuliza, kama jirani yake ndiye angeandika barua ile, angemwita muuaji? Akasema, "Hapana, ningempa pole." Basi ile pole aliyokuwa nayo kwa jirani, kwa miaka yote hiyo alijinyima mwenyewe.

Ndiyo maana naipenda historia. Haimfufui mtu, ila inaonyesha mzigo ni wa nani. Aliyejaza meli ana lake. Aliyemwita dada yake aje kazini alikuwa na upendo tu.

Mei iliyofuata mjomba alikwenda Igoma kwa mara ya kwanza. Bado kuna usiku halali, lakini siku hizi anasema, na sisi tunakaa naye.

Na wewe mdau, ni barua gani unayojihukumu nayo? Jipe pole kwanza. Na mzigo ukikuzidi, nenda hospitali, usione aibu.

Tuko pamoja.