Charles Laughton na Tafsiri ya Galileo

Charles Laughton alizaliwa tarehe 1 Julai 1899 katika mji wa Scarborough, kaskazini mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa na hoteli, nao walitazamia mzaliwa wao wa kwanza aiendeshe. Alisomeshwa na mapadre Wajesuiti huko Stonyhurst, akapigana katika Vita Vikuu vya Kwanza na kudhuriwa na gesi ya sumu. Aliporudi alishika kazi ya hoteli, mpaka alipoingia chuo cha uigizaji London mwaka 1925. Mwaka uliofuata alikuwa tayari jukwaani.

Wengi humfahamu kwa sinema: mfalme Henry VIII (1933) aliyempatia tuzo ya Oscar, nahodha Bligh (1935), mpiga kengele wa Notre-Dame (1939). Kwa mwanaisimu, hata hivyo, kazi yake yenye mafunzo zaidi ilifanyika nyumbani kwake California, mbali na kamera.

Mwishoni mwa 1944 alianza kutafsiri, pamoja na Bertolt Brecht, mkimbizi kutoka Ujerumani, tamthilia ya Brecht juu ya mwanasayansi Galileo. Laughton hakujua Kijerumani. Kiingereza cha Brecht kilikuwa haba. Basi wakatafsiri kwa kuigiza. Brecht alionyesha tamko kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, pengine kwa Kijerumani hasa. Laughton akalirudisha kwa Kiingereza fasaha, mara hivi, mara vile, hadi mwenzake aliporidhika, ndipo akaliandika. Kipimo cha neno kilikuwa mwendo wa mwili ulioambatana nalo. Wapenzi wa kamusi watashtuka, na wana haki kiasi chao, maana matini iliyopatikana ni fupi sana kuliko ile ya asili. Lakini ni tafsiri inayotamkika, sifa ambayo tafsiri nyingi za tamthilia hazina.

Agosti 1945, kazi ikiendelea, bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima. (Sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga.) Tangu hapo Galileo anayekana mafundisho yake mbele ya mahakama ya Kanisa hakuweza kusomwa kama mzee mjanja tu, alionekana mtaalamu anayewakabidhi watawala elimu yake. Watafsiri wakamfanya kuwa mkosaji zaidi.

Mchezo ulionyeshwa Los Angeles kuanzia tarehe 30 Julai 1947, chini ya uongozi wa Joseph Losey. Tarehe 30 Oktoba Brecht alihojiwa na kamati ya bunge la Marekani juu ya ukomunisti. Kesho yake akaondoka nchini. Ulipofika New York mwezi Desemba, Laughton aliucheza bila mwenzake.

Mwaka 1950 alipata uraia wa Marekani. Filamu pekee aliyoiongoza, *The Night of the Hunter* (1955), haikupata watazamaji, ingawa leo inahesabiwa miongoni mwa filamu bora. Mwaka 1959 alirudi Uingereza kucheza Lear huko Stratford. Alifariki Hollywood tarehe 15 Desemba 1962.