Umri wa majabali hupimwaje?

Majabali meusi yaliyoizunguka bandari ya Matrah, mjini Maskati, hayakuzaliwa nchi kavu. Wanajiolojia wanaeleza kwamba ni sehemu ya tabaka lililokuwa chini ya sakafu ya bahari ya kale iitwayo Tethys, ambalo baadaye lilisukumwa likapanda juu ya ardhi ya Arabuni. Sakafu hiyo iliumbika yapata miaka milioni 96 iliyopita.

Hesabu hiyo imepatikanaje, ilhali hapakuwa na binadamu wa kushuhudia?

Saa iliyomo ndani ya jiwe

Baadhi ya atomu hazina utulivu. Atomu ya urani hutoa mionzi na kugeuka, hatua kwa hatua, mpaka ikawa risasi. Haiwezekani kutabiri atomu moja itageuka lini, lakini zikiwa nyingi mwendo wake hujulikana barabara. Muda unaopita hadi nusu yake ziwe zimegeuka huitwa nusu-maisha. Kwa urani 238, muda huo ni miaka bilioni 4.47, kwa urani 235 ni miaka milioni 704.

Mtaalamu hupima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa humo, na uwiano wa viwili hivyo humpa umri.

Kwa kazi hiyo hutumika zaidi zirkoni, fuwele ndogo na ngumu mno. Inapoganda kutoka katika mwamba ulioyeyuka, hupokea urani na kuikataa risasi. Kwa hiyo karibu risasi yote inayokutwa ndani yake imetokana na urani. Tena kila chembe ina saa mbili, moja ya kila aina ya urani, na zikiafikiana hesabu huaminika.

Zirkoni ni adimu katika majabali meusi yenyewe. Nchini Oman imepatikana katika miamba myeupe zaidi ya pande hilohilo la sakafu ya bahari. Miamba iliyopikwa kwa joto chini ya pande hilo imetoa umri unaokaribiana sana na huo. Maana yake ni kwamba sakafu hiyo ilianza kusukumwa ikiwa ingali changa na yenye moto.

Oldupai na Koobi Fora

Afrika Mashariki ilipata umaarufu kwa saa nyingine, ya potasiamu 40, ambayo sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya argoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi hiyo hutoroka. Ukiganda, huanza kunaswa. Nusu-maisha yake ni miaka bilioni 1.25.

Mwaka 1959 Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus katika bonde la Oldupai, Tanzania. Mumewe, Louis Leakey, alikadiria kuwa lilikuwa na miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 vipimo vya majivu ya volkano ya hapo vilitoa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio hayo. Kaboni 14, ambayo nusu-maisha yake ni miaka 5,730 tu, isingefaa kwa umri mkubwa kiasi hicho.

Hata hivyo, saa hizi zinahitaji uangalifu. Huko Koobi Fora, kaskazini mwa Kenya, tabaka la majivu liitwalo KBS lilipewa umri wa miaka milioni 2.6 mnamo mwaka 1970. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aligundua chini ya tabaka hilo fuvu lililopewa namba 1470, likatangazwa kuwa na umri unaokaribia miaka milioni 3. Lakini mifupa ya nguruwe wa kale waliokuwa chini ya tabaka hilo ilifanana na ya bonde la Omo, Ethiopia, kutoka matabaka ya takriban miaka milioni 2.

Majivu ya KBS yalikuwa yamesombwa na maji na kuchanganyika na chembe za miamba mikongwe zaidi. Vipimo vipya, vilivyofanywa kwa chembe zilizochambuliwa kwa makini, vilimaliza ubishi mwanzoni mwa miaka ya 1980: takriban miaka milioni 1.9. Fuvu 1470 nalo likashuka hadi miaka milioni 2 hivi.

Ikumbukwe kwamba kilichopimwa Oldupai na Koobi Fora si mifupa, bali majivu yaliyo juu au chini yake. Ndiyo maana kabla ya kukubali umri wowote, wataalamu huuliza kwanza: chembe hii iliganda lini, na ilifikaje hapa ilipookotwa?